Kitenge cha Zamu ya Maji

Enzi zetu za Skärholmen, huku Uswidi, kiangazi kilikuwa na harufu ya misonobari na ya mandazi yaliyofungwa kwenye mfuko yakiwa bado ya moto. Wenzangu mliokulia kwenye zile ghorofa mnakumbuka. Shule zikifungwa hatukwenda Hispania kama wenzetu wa darasani, tulikwenda ziwani. Tulikatiza msitu kwa miguu, watoto mbele, mama zetu nyuma na masufuria, na juu yetu lile jua ambalo jioni linakataa kabisa kuzama. Maji yalikuwa ya hudhurungi kama chai isiyo na maziwa, na baridi yake ilipanda mpaka kwenye meno. Hakuna aliyelalamika. Leo nikiwapeleka wanangu ziwa lile lile, hata viatu hawajavua, wanauliza, "Mamma, finns det wifi?" Nawajibu kwamba ziwa lina samaki, wifi wataikuta nyumbani.

Mama yangu alikuwa na kitenge cha rangi ya machungwa alichotoka nacho kwao Uvira. Nyumbani hakukivaa, kilikuwa cha ziwani tu. Aliyefungwa kitenge kile kiunoni ndiye aliyekuwa na zamu ya maji, ya kutuangalia sisi watoto: hali chakula, hapigi soga, hasuki mtu nywele, hayapi maji mgongo. Akichoka alikifungua, akamfunga mwenzake na kumwambia, "Maji ni yako." Mwenzake lazima aitike kwa sauti, "Nimeyapokea." Bila kuitika, kitenge hakikuhama. Sisi watoto tulikuwa tunaona haya, maana Waswidi waliokuwa wakiota jua walitukodolea macho kana kwamba tunafungisha ndoa pale mchangani.

Zamu ilizunguka, ila ikifika kwa Mama ilikwama. Alisema hajachoka. Akiwekewa chakula, alisema atakula nyumbani. Kiangazi baada ya kiangazi, sikuwahi kumwona Mama akila kando ya maji. Nilipokuwa mkubwa ndipo aliponieleza, mara moja tu, huku akikunja nguo. Kulikuwa na harusi karibu na ziwa, kule Uvira, na mdogo wake wa kiume alizama bila hata kupiga kelele. "Watu wote walikuwako," alisema, akaendelea kukunja nguo.

Kiangazi kilichopita mdogo wangu Riziki alihamia nyumba yake mwenyewe, huko Haninge, si mbali na Jordbro, nyumba yenye bwawa la kuogelea uani. Tulifurahi jamani! Sisi wa ghorofa ya saba, leo tuna bwawa letu! Riziki ni mwangalifu. Aliweka uzio, geti linalojifunga lenyewe, na king'ora kinacholia kitu kikitumbukia majini. Basi akatualika, nyama ikachomwa, watoto wakaogelea mpaka vidole vikakunjamana. Chakula kilipoiva wote wakatoka majini. King'ora kilikuwa kimezimwa kwa ajili ya waogeleaji, na geti tulikuwa tumelizuia kwa kreti ya soda, kwa kuwa lilitusumbua tulipokuwa tukipitisha viti. Mpira mmoja wa manjano ulibaki ukielea bwawani.

Mezani tulijaa watu wazima, na mimi ndiye niliyekuwa nikipaza sauti kwamba enzi zetu mtoto alikuwa wa wote. Riziki alidhani mwanawe Elia, wa miaka miwili, yuko kwangu. Mimi nilidhani yuko kwa baba yake. Baba yake alikuwa anageuza nyama. Mama, sahani yake haijaguswa, akasimama.

"Nani iko naangalia maji?"

Mama hakusubiri jibu. Magoti yake yanamsumbua, ngazi hupanda kwa kushika ukuta, lakini siku ile nilimwona akikimbia. Elia alikuwa amepiga magoti ukingoni, mkono ameunyoosha kuufuata ule mpira, kimya, anatabasamu. Mama alimdaka kwa fulana.

Mama alimkabidhi Riziki mtoto wake, akaisukuma kreti kwa mguu, akaacha geti lijifunge. Kisha akafungua mkoba. Kitenge kilikuwemo, kimepauka mpaka rangi yake ya machungwa imekuwa ya maziwa. Alikuja nacho bila kumwambia mtu. Akanifunga kiunoni.

"Maji ni yako."

"Nimeyapokea," niliitika, kwa sauti.

Wenzangu, sisi hatukuwa watoto wa wote. Tunapenda kusema hivyo kwa sababu tulirudi kutoka ziwani tukiwa tumelala migongoni mwa mama zetu, hatukuona kazi iliyofanyika. Tulikuwa wa mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, asiyetia kitu mdomoni mpaka mwenzake aitike. Geti na king'ora nashukuru vipo, wala sitaki viondolewe. Ila havina kiuno cha kufunga kitenge.

Watoto walirudi majini, na mimi nikasimama ukingoni. Jua lilikuwa bado linakataa kuzama, mpira wa manjano ukizunguka polepole, na kwa kitambo nilihisi harufu ya misonobari ya zamani. Nyuma yangu nikasikia kiti kikivutwa, kijiko kikigonga sahani, halafu sauti ya Mama ikisema nyama ni tamu, aongezewe. Nilitamani sana kugeuka nimwone akila. Sikugeuka.