Onja Kwanza

Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mama aliniondoa nyumbani kwetu Nyanga, mjini Bukoba, akanipeleka kijijini Nshamba kwa bibi. Nilikuwa kidato cha pili, mjuaji wa kila kitu, na nilinuna wiki nzima. Kwaya yetu ya vijana imesimama, wenzangu wote wako Bukoba, mimi huku nachambua maharage!

Raha ya bibi ilikuwa jioni. Rafiki yake, bikizee wa kibanja cha pili, alikuja kila siku wakatafuna punje za kahawa iliyochemshwa na kukaushwa. Kwetu mgeni akiketi tu, kikapu cha kahawa kinaletwa. Mwenye nyumba anatafuna punje ya kwanza ili mgeni ajue haina sumu, ndipo mgeni naye anatia mkono. Hao wawili walikuwa wametafuna pamoja tangu waolewe, lakini bibi hakuacha kuonja kwanza hata siku moja.

Kisha redio ikasema wazee wasikaribiane, na mama akapiga simu kukazia: asiingie mtu. Rafiki alipopiga hodi, bibi alimwambia akiwa dirishani kwamba asiingie. Yule bikizee akageuka, akaenda zake. Usiku ule bibi hakugusa chakula.

"Atadhani nimemchoka," alisema. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kununa.

Kesho yake akababua jani la mgomba motoni, akafunga kahawa ndani yake. "Mpelekee, bojo, mjukuu wangu. Usimsogelee."

Nikakiweka kifurushi juu ya jiwe mlangoni kwa bikizee, nikarudi nyuma. Alikitazama tu.

"Nani ameonja?"

"Bibi, waitu," nikajibu kwa heshima. "Ameonja nyumbani."

"Mimi nimemwona?" Akanikazia macho. "Onja wewe. Leo ndiwe mwenye nyumba."

Mtoto kumtangulia mzee kwenye kahawa! Nikafungua jani, nikatia mkono. Kinga yote ya jani dhidi ya korona ikaishia hapo. Punje ilikuwa chungu, nikakunja uso, naye akacheka mpaka akashika mlango.

Tangu hapo kila jioni nilikuwa njiani, nikipeleka kahawa na kurudisha maneno. Nilibeba utani wao, umbea wao, hata mambo ya waume zao marehemu ambayo msichana wa umri wangu hapaswi kuyasikia. Shule zilipofunguliwa nililia kwenye gari, nikasingizia vumbi. Hadi leo nazikumbuka jioni zile kuliko sikukuu yoyote.

Mwaka jana tulimzika bibi. Nyumba ilijaa shangazi na wajomba, nami nikatumwa kupitisha kikapu. Nilipopiga magoti mbele ya bikizee, mikono yake ilibaki mapajani. Nikadhani macho yamemwishia, nikakisogeza karibu zaidi.

"Nani ameonja?" akauliza.

Shangazi mkubwa akasema ameonja yeye. Bikizee hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja.

Nikachukua punje, nikatafuna huku nalia. Ndipo akatia mkono.