Nilimpiga Mara Tatu

Saa mbili asubuhi, Kathurima ananing'iniza mizigo kwenye mizani kando ya barabara, Naro Moru. Ni mpagazi wa mlimani, na kwa miaka yake hamsini na miwili hakubali kupunguziwa hata kilo moja.

Kwenye kibanda cha chai, redio inajadili adhabu ya kifo. Phyllis, mwenye kibanda, anasema wauaji wanyongwe tu, hizi rufaa zinachosha watu. Kathurima anaweka kikombe chini.

"Mama, mimi walisema ninyongwe," anamwambia. "Wangeninyonga, hii chai ungeuzia nani?"

Mwaka 2009 mpagazi mwenzake, Waweru, alikutwa ameuawa. Jioni iliyotangulia, Kathurima alikuwa amemtafuta kwa simu wapange safari. Polisi walipomuuliza, alijibu kama watu wote wa huku wanavyojibu: "Nilimpiga mara tatu na hakushika."

Karatasini ikaandikwa: nilimpiga mara tatu. Basi. Simu haikutajwa, na kule kutoshika hakukuandikwa. Naye, ambaye kusoma kunamshinda, akatia kidole.

Alihukumiwa kunyongwa. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini hilo halimpi usingizi aliyehukumiwa. Alikaa ndani miaka tisa, hadi wakili wa kujitolea alipoitisha rekodi za simu. Zilionyesha alipiga mara tatu, zote hazikupokelewa, na simu yake ilikuwa Nanyuki usiku kucha, mbali na alipouawa Waweru. Mahakama ya rufaa ikamwachilia.

"Hiyo karatasi ya simu ilikuwa huko miaka yote, ati hakuna mtu aliuliza," anasema. "Sasa kama ningekuwa nimezikwa, wangepelekea nani?"

Hata leo cheti chake cha tabia njema, kile cha polisi, kinamwita muuaji, na bila cheti safi hapati leseni ya kuongoza wageni. Amefuatilia marekebisho ofisini Nyeri mara saba. Mara faili haionekani, mara mwenye faili yuko likizo. Anataka aongoze angalau msimu mmoja kabla magoti hayajamgomea.

Wiki jana karani alimwambia marekebisho yako karibu.

"Mzee, enda tu nyumbani. Ikiwa tayari, tutakupiga."

Kathurima hakuondoka. Alimwomba karani achukue kalamu, aiandike ahadi hiyo, aongeze neno simu, kisha amsomee kwa sauti yote aliyoandika.