Moyo wa Kamba Mchanga

Baba alipofariki, moyo wa mamangu ulianza kwenda mbio. Huwa amekaa tu jikoni kwetu Malindi akichagua mchele, mara aweke uteo chini na kujishika kifua. Mikono ilimtetemeka, mwili ukamwisha. Nikampeleka hospitali. Daktari alimpima damu, akasema tezi ya shingoni inamwaga homoni kupita kiasi, na homoni hizo ndizo zinazoukimbiza moyo. Akaandikiwa vidonge.

Wiki mbili baadaye nilivikuta kabatini, havijafunguliwa.

"Mama, kwa nini?"

"Moyo huu unamlilia babako," alinijibu. "Huzuni haimezewi vidonge, mwanangu."

Nami wakati huo nilikuwa nikifanya kazi Dabaso, katika maabara ndogo karibu na mikoko, na kazi yenyewe ilikuwa kuchunguza jinsi homoni zinavyouendesha moyo wa kaa na kamba! Miaka yote ya kusoma, na mamangu mzazi nimeshindwa kumweleza.

Asubuhi moja nikamwomba anisindikize kazini. Alikuja na kikapu cha mahamri, akawagawia wenzangu kabla hajauliza lolote.

Nikaweka kamba mchanga chini ya hadubini. Kamba wa umri ule mwili wake ni kama kioo; moyo unauona mgongoni, nyuma tu ya kichwa. Mama akainama, akafumba jicho moja.

"Subhanallah! Unapiga!"

Nilimweleza kwamba karibu na moyo wa kamba kuna neva zinazotia homoni katika damu, na homoni hizo huuamrisha moyo uongeze kasi. Kisha nikamdunga kamba homoni kidogo kwa sindano nyembamba. Mama hakuondoa jicho. Punde moyo ule ukaanza kwenda mbio.

"Masikini! Umemtisha?"

"Sijamtisha. Ni homoni tu."

"Na hakufiwa na mtu."

"Hakufiwa, mama."

Alibaki ameinama. Nilidhani anatazama, kumbe analia. Nikamkalisha kitini.

"Naogopa," alisema kwa sauti ndogo. "Moyo ukitulia, nitakuwa nimemsahau."

Hilo sikuwahi kulisoma popote. Nikaishika mikono yake.

"Mama, moyo wangu mimi unapiga taratibu, na haipiti siku nisimkumbuke baba."

"Kweli?"

"Wallahi."

Jioni ile alimeza kidonge mbele yangu, kisha akataka nimhadithie ninalolikumbuka. Nikamsimulia jinsi baba alivyowahi kutupikia pilau, ikaungua, naye akaapa kwamba ndivyo inavyopikwa Mambrui. Mama akacheka mpaka akajifuta macho.

"Haikuwa pilau," akanisahihisha. "Ilikuwa biriani. Na wewe ulikula sahani mbili."

Ikawa desturi yetu: kidonge, halafu baba. Baada ya miezi michache mikono yake ilitulia, akarudi kunenepa, na bado kila jioni aliniita nikae karibu naye.