Reli ya Mjukuu

Bibi alikuwa amechoka. Si kuchoka kwa kazi, kazi aliizoea. Alichoshwa na mumewe, seremala wa mtaa mzima, mtu ambaye ukimwagiza kigoda atakutengenezea cha kurithiwa na vitukuu, ila utakingoja mpaka miguu iote mizizi.

Safari hii hakuna aliyemwagiza. Binti yao alikuwa amekuja na mtoto wake, msichana wa miaka mitatu, kukaa wiki moja tu kabla ya kurudi kwa mumewe, nchi ya mbali, ambako mtu haji na kwenda anavyotaka. Mtoto aliondoka hapa akiwa mchanga wa kubebwa mgongoni. Babu yake hamjui. Na bibi alitaka kitu kimoja tu wiki ile: mtoto aondoke akimjua babu yake.

"Nitamtengenezea treni," mzee akasema siku ya kwanza, akachomeka penseli sikioni, akajifungia karakanani. Basi, ikawa imekwisha hiyo.

Na treni yenyewe, jamani! Mtoto wa miaka mitatu ukimpa kigari na kamba amefika. Mzee yeye alichora reli kwenye plaiwudi ya ukubwa wa kitanda: mzunguko wa nje, njia ya kupishana, daraja, handaki, stesheni yenye mabenchi ya abiria. Mabenchi! Kila moja limepigwa msasa mpaka linateleza, na abiria mwenyewe hayupo.

Siku ya pili bibi alimshika mtoto mkono, wakaenda kugonga mlango.

"Hodi! Tumekuja kuona treni."

"Msiguse! Gundi haijakauka."

Kesho yake gundi ikawa imekauka, lakini kona hazifai. Mzee alikuwa amezipima kwa kichwa cha treni peke yake, bila mabehewa. Alipoyaunganisha, behewa la mwisho likawa linaruka nje ya reli kila likifika pale. Mtu mwingine angesema, aah, mtoto atalirudisha kwa mkono, raha yenyewe si ndiyo hiyo? Yeye akang'oa kona zote, akaanza upya.

Bibi akamfuata na sahani ya chakula. "Mzee, huyu mtoto yuko uani anachezea vifuniko vya sufuria. Vifuniko! Toka ukakae naye."

"Nikishamaliza, mama. Nataka iwe nzuri."

"Nzuri ya nini? Wanaondoka Jumapili."

"Itakuwa tayari."

"Wewe huambiliki wala husemezeki."

"Nishikie hapa kidogo, nipige msumari."

Na yeye, kwa ujinga wake, akashika. Alijichukia mpaka jioni.

Jumapili ikafika, teksi mlangoni, mizigo imeshapakiwa mpaka imejaza kiti cha mbele, na daraja bado lina upande mmoja. Bibi alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma, kavaa viatu vyake vya kutokea, tayari kuwasindikiza hadi uwanja wa ndege. Mzee akatoka mbio, msasa mkononi. "Nipeni dakika kumi tu! Dereva, ngoja kidogo!"

"Baba, ndege haitungoji," binti akasema. Akamwinamia mwanawe. "Haya, muage babu."

Mtoto akatazama huku na huku, akamtafuta. Mwisho, kwa adabu zake zote, akampa mkono mtu aliyekuwa mbele yake. "Kwaheri, fundi."

Dereva akaangua kicheko. Binti naye kikamponyoka, akaziba mdomo. Nani wa kumlaumu mtoto? Wiki nzima alisikia wateja wakipita na kuita fundi, fundi, meza yangu vipi, na hakuna siku mtu yule alimpakata akamwambia vingine.

Mzee hakucheka. "Nilikuwa nakutengenezea..." akaanza. Vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

Bibi alikuwa na maneno ya kumpasha, ameyalimbikiza tangu Jumatatu, makali, kila moja na zamu yake. Aliyatafuta akayakosa. Alimwonea huruma, na hasira nayo haikuondoka. Akafungua mlango, akashuka.

"Ingia garini."

"Nguo zangu hizi..."

"Ingia hivyo hivyo! Mpaka uwanjani ni mwendo mrefu, mtakuwa mmezungumza."

"Na wewe je?"

"Nafasi ni moja." Akamnyang'anya msasa. Akamkumbatia mjukuu wake, akambusu shavu hili na hili, akamwachia haraka kabla hajabadili nia. "Mimi ananijua."

Mzee akajikunja kiti cha nyuma, magoti kifuani, mikono haina kitu cha kushika. Mtoto akamwangalia kwa makini.

"Fundi, unakuja kutengeneza nini?"

Teksi ikaondoka kabla bibi hajasikia jibu.