Nyuki wa Kaka Humphrey na Sabuni ya Mchaichai

Watu wa tambarare wanasema sisi Wapare tunapenda kesi. Uongo mtupu! Hatupendi kesi, tunapenda haki, na haki yenyewe haiji mpaka uipelekee hati ya wito. Koleta wa Mhezi na kaka yake Humphrey wamepelekana barazani mara saba, na katika mara zote saba hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Walivaa nguo za kanisani, walikaa benchi moja, walisema "mheshimiwa mwenyekiti", kisha, mara zile sita za kwanza, walirudi nyumbani kwa njia moja wakibishana hadi mlangoni. Kulikuwa na kesi ya mpaka, ikaja kesi ya mparachichi uliosimama juu ya mpaka, ikaja kesi ya maparachichi yaliyodondoka upande wa pili. Ya saba ilikuwa ya jogoo aliyewika kwa Koleta na kula kwa Humphrey, na hiyo ndiyo iliyoharibu mambo.

Maana Koleta alishinda. Humphrey akasimama, akavua kofia, akaapa mbele ya kadamnasi: "Kuanzia leo, kitu kilichopita mkononi mwa Koleta hakitaingia kwangu, wala hakitagusa mwili wangu." Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Miaka mitatu sasa. Nyumba zao zimetenganishwa na mstari mmoja wa migomba, lakini Humphrey akipita na jembe begani uso anaugeuzia bondeni, hata kama bondeni hakuna kitu. Hapakuwa na salamu tena. Kibaya zaidi, hapakuwa na kesi.

Koleta ni mtengeneza sabuni. Alianza mumewe alipofariki, baada ya semina ya akina mama kule Same mjini, na kazi yenyewe ukiitazama ni kama upishi: unayeyusha kostiki, yale magadi makali, kwenye maji, unaiacha ipoe, unatia mafuta, unakoroga upande mmoja bila kubadili mkono mpaka uji ushike mwiko. Hapo ndipo unapotia rangi na harufu. Ukiwahi, inapotea, ukichelewa, inabaki mabaka. Rangi za dukani hazikumpendeza, akajitafutia zake: manjano, hina, unga wa mkaa, bluu ya kufulia. Harufu alizitoa shambani. Tangawizi ilikuwepo, mkaratusi ulikuwepo, mrehani ulijiotea wenyewe nyuma ya choo.

Mwanzo alikosea, na nani hakosei? Sabuni ya kwanza ya manjano aliizidishia mkono. Katekista Ernest akaiogea Jumamosi, na Jumapili akasimama mbele ya waumini akiwa wa njano hadi mashikioni. Akina mama wakaanza kufuta machozi. Mzee mmoja akauliza kwa upole kama ameshaandika wosia. Aliombewa wiki mbili nzima, na siku rangi ilipotoka watu walishuhudia muujiza, naye Ernest, kwa aibu, akaukubali.

Lakini mkono wa Koleta ukazoea. Sabuni zake zikawa zinauzwa dukani kwa Salha, pale njia panda, zimefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Salha alimwambia kuna mteja mmoja kila mwezi anataka ya manjano, na anataka afungiwe ndani ya gazeti, halafu gazeti ndani ya mfuko mweusi. Koleta alidhani ni Katekista. Akacheka, akasahau.

Sasa, mwaka huu binti yake Eva akachumbiwa na Rodgers, kijana wa Ugweno. Watu wa Ugweno wakaleta ujumbe wa heshima: tarehe kumi na nne Desemba tunakuja kumchukua binti, na tungependa kumkuta mjomba amekaa kwenye kiti chake. Ni halali yao. Bibi harusi bila mjomba ni mzigo usio na mpokezi, nani atamkabidhi? Nani atasema huyu ni damu yetu, mkimtesa mtaniona? Eva alikuwa na mjomba mmoja tu duniani, na mjomba huyo alikuwa anaangalia bondeni.

Koleta alijaribu. Alimtuma Katekista, akarudi na papai na jibu la hapana. Alimtuma Eva mwenyewe.

"Shikamoo mjomba," Eva alisema mlangoni.

"Marahaba," Humphrey akajibu, maana adabu ni adabu, kisha akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Usiku ule Koleta alilia, na kulipokucha alikasirika, na alipokasirika akili ikamjia. Humphrey hazungumzi naye njiani, hazungumzi naye kanisani, hazungumzi naye msibani. Ni wapi basi Humphrey huzungumza? Barazani! Kumbe alichokihitaji Koleta si msuluhishi. Alihitaji kosa. Kosa moja zuri, kubwa, ambalo mwanamume mwenye kujiheshimu hawezi kulinyamazia.

Na Humphrey alikuwa na kitu kimoja tu anachokipenda kuliko haki: nyuki. Mizinga minne aliyorithi kwa baba yao ilining'inia kwenye miti nyuma ya nyumba, na kila jioni aliiendea kusikiliza. Koleta akakumbuka jinsi baba yao alivyokuwa akiuandaa mzinga mpya. Alisugua ndani majani ya mchaichai, akapaka nta, akasema, "Nyuki hawafuati mtu, wanafuata harufu ya nyumba." Wakati huo yeye na Humphrey walikuwa wakigombania nani ashike kibuyu cha nta.

Akakata mchaichai wote uliokuwa bondeni. Akauponda, akauchemsha, akaukamua. Akapika sabuni ya nta, ya njano iliyokolea, harufu yake ukiinusa machozi yanakutoka kwa raha. Boksi la mbao analomwagia sabuni akalisugua kwa mchaichai pande zote, akaliacha barazani kwake limefunikwa nusu. Kisha akakaa kwenye kigoda, akasubiri kushitakiwa.

Nyuki walikuja Alhamisi. Si wachache, jamani! Kundi zima la mzinga mkubwa lilivuka migomba likinguruma, likaingia kwenye boksi la sabuni, likatulia. Koleta akapiga magoti kwa shukrani. Upande wa pili wa migomba akaona kofia ya Humphrey imesimama kimya, kisha ikaondoka.

"Kesho asubuhi naletewa wito," alimwambia Eva, akapiga pasi gauni lake la kesi.

Kesho ikapita. Wiki ikapita. Wito hakuna. Wakati huo sabuni ya mchaichai ilikuwa imeshaenea kijijini, na kila aliyeiogea alitembea na nyuki wawili watatu nyuma ya shingo. Hawakuuma mtu, walinusa tu, wakafuatana naye mpaka anakokwenda. Kwaya iliimba Jumapili nzima ikiwa na sauti ya tano ambayo mwalimu hakuifundisha. Wachumba wakatambuana kwa nyuki. Kijiji kilizoea kwa siku nne, watu wakaanza kusema fulani leo hajaoga, mbona hana hata nyuki mmoja?

Humphrey, kimya! Mtu aliyewahi kushitaki kwa sababu ya moshi uliovuka mpaka, leo anaporwa mzinga mzima mchana kweupe na hasemi kitu! Koleta alichanganyikiwa. Kila asubuhi aliiona ile kofia nyuma ya migomba, ikichungulia boksi, na kila akiinuka kwenda, kofia ilikimbia. Desemba ikaingia. Zikabaki siku tisa.

"Basi nitamshitaki mimi," Koleta akasema.

"Kwa kosa gani, mama? Wewe ndiye uliyemwibia!"

"Nyuki wake wamehamia kwangu bila kubisha hodi. Hilo si kosa?"

Mzee Abednego, mwenyekiti wa baraza la kata, aliyasoma malalamiko mara mbili, akafuta miwani, akayasoma tena. Baraza lake siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu, lakini Mhezi nani anajali? Siku ya shauri watu walijaa mpaka madirishani. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kutengeneza barabara, ulipigiwa baragumu asubuhi ileile, na walioitikia ni wawili, wakaona aibu, nao wakaja barazani.

Humphrey aliingia wa mwisho. Akakaa mwisho kabisa wa benchi, mbali na kila mtu, kola imefungwa hadi kooni.

"Shikamoo kaka," Koleta akasema.

Humphrey akaangalia upande ambao bonde lingekuwepo kama si ukuta. "Marahaba," akaujibu ukuta.

Mzee Abednego akakohoa. "Bwana Humphrey, unashitakiwa kwamba nyuki wako wanaishi kwa dada yako bila idhini. Unasemaje?"

"Mheshimiwa mwenyekiti, si wangu."

Ukumbi ukaguna. Humphrey kukana mali yake? Koleta mwenyewe aliona mipango yake inaporomoka, maana kama nyuki si wake, hakuna kesi, na kama hakuna kesi, hakuna mjomba.

"Ni wako!" akapaza sauti. "Niliwaona wakitoka kwako!"

"Nyuki ni nyuki. Niliwahi kuwaandika majina?"

"Naomba kielelezo kiletwe," Koleta akasema.

Eva akaingia na boksi kichwani, limefunikwa kanga, limefukizwa moshi kidogo. Wenye busara wakatoka nje. Mzee Abednego, ambaye hawezi kutoka kwa sababu ya cheo, akavuta kofia hadi puani na kuamuru lifunuliwe.

Nyuki wakapanda. Wakazunguka chumba mara moja, bila haraka. Wakampita mwenyekiti. Wakampita Katekista Ernest, aliyekuwa amefumba macho akisali kwa sauti. Wakawapita wote walioogea sabuni ya Koleta wiki hiyo, wakiwanusa kwa adabu tu. Wakaenda moja kwa moja mwisho wa benchi, wakatua juu ya Humphrey: kwenye kofia, kwenye kola, wakamfunika mashikio yote mawili, wakatulia hapo.

"Nyuki wamemtambua mwenye mali," Mzee Abednego akasema chini ya kofia.

Lakini Koleta hakumsikia. Alikuwa ameinuka. Alisogea polepole mpaka alipokuwa karibu na kaka yake kuliko alivyowahi kuwa kwa miaka mitatu, akainama, akavuta pumzi.

Mchaichai. Na si mchaichai tu. Chini yake kulikuwa na tangawizi, ile ya mwezi wa sita. Na chini ya tangawizi kulikuwa na mrehani wa nyuma ya choo, wa mwaka jana. Akatazama kola: shati jeupe, lakini pindo la ndani lilikuwa limeingia umanjano ambao hautoki kwa kufuliwa mara moja wala mbili. Rangi ile aliijua. Aliikoroga kwa mkono wake.

"Kaka," akasema. "Umeoga na nini?"

Humphrey hakuweza kutikisa kichwa. "Na maji."

"Maji gani yananukia hivi?"

Nyuma ya chumba, Salha wa dukani alianza kuhesabu mbao za dari.

"Sabuni za viwandani zinaniwasha," Humphrey akasema hatimaye, midomo haichezi. "Nilijaribu zote. Nikajaribu na ya kufulia. Zinaniwasha."

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu."

"Ndiyo maana hukunishitaki!"

"Ningekushitaki vipi, Koleta? Kwenye kesi tunakaa benchi moja. Ungeninusa."

Hapo Koleta akapasuka. Alilia, akapiga paja, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Miaka mitatu unaoga kwa jasho langu na hunipi hata salamu! Unajisugua na mikono yangu kila asubuhi halafu unaangalia bondeni! Bondeni kuna nini, Humphrey? Kuna nini kule?"

Hakuna aliyecheka. Hata Katekista aliacha kusali. Humphrey alikaa wima na nyuki wake, na chozi moja lilitoka, likapita shavuni polepole. Nyuki mmoja akalisogelea, akalionja, akarudi mahali pake.

"Hakuna kitu," akasema.

Mzee Abednego alifungua daftari, akalifunga. Katika miaka yake ishirini barazani hakuwahi kukutana na shauri la namna hii, na hakujua aandike nani kashinda. Aliuliza kama kuna upande wenye neno la nyongeza.

"Ninalo mimi," Humphrey akasema. Alijaribu kumgeukia dada yake, nyuki wakanguruma, akaacha. Akabaki akiongea na ukuta uleule, lakini safari hii kila mtu alijua anaongea na nani. "Ile shughuli ya mtoto. Ni tarehe kumi na nne asubuhi au mchana?"

"Saa nne asubuhi," Koleta akasema.

"Nitakuja. Ila rufaa nakata."

"Bwana Humphrey, hapa ni usuluhishi," Mzee Abednego akasema. "Hakuna rufaa."

"Nitaitafuta ilipo."

Koleta akajifuta uso kwa kanga iliyokuwa imefunika boksi, akakaa kwenye benchi, si mwisho ule mwingine, hapahapa karibu naye, chini ya nyuki.

"Kata, kaka," akasema. "Kata tu. Tutakwenda wote."