Maji Meusi Juu ya Kibanja

Nilirudi Nyanga kutoka Ngenge, nilikokuwa nikifanya vibarua vya kulima, nikamkuta mama mdogo ameacha kuteka maji kwenye chemchemi yake. Dampo lililo juu ya kibanja chake lilikuwa linavuja maji meusi, na migomba ya upande ule ilikuwa inakufa. Majirani walishahama. Yeye hakutaka kusikia habari ya kuhama: mume wake na watoto wawili wamezikwa mle, nyuma ya nyumba.

Wiki hiyo dada mmoja mtafiti alinichukua nimbebee madumu ya maji yale meusi hadi chumba alichopanga Bilele. Aliyatia unga wa chuma na ile dawa inayotoa povu kwenye vidonda, akayaweka ndani ya maikrowevu. Niliacha shule darasa la sita, lakini kuuliza sijaacha.

"Kwa nini usiyachemshe kwa mkaa?"

"Mkaa unaanza kupasha sufuria. Mashine hii inapasha maji yenyewe, kwa dakika chache, na dawa inafanya kazi upesi. Dawa ndiyo inayounguza uchafu."

Kuunguza kitu ndani ya maji! Nilicheka peke yangu njia nzima.

Siku ya tatu maji yalitoka meupe. Nikaomba chupa moja nikamwonyeshe mama mdogo.

"Asinywe," dada akasema. "Rangi imeondoka, amonia na chumvi bado zimo."

Mama mdogo aliiinua chupa juani. "Haya ndiyo yale ya kule juu?"

"Ndiyo, mama." Nikamweleza mashine, dawa, kila kitu, kwa raha zangu.

"Waitu! Wewe uliyekimbia hesabu, leo umekuwa profesa!"

"Ila haya ya chupa usinywe."

Hakuyanywa. Aliyamwaga uani. Kuhusu chemchemi sikusema neno, na yeye akaelewa kwamba wataalamu wanasafisha dampo zima. Siku ya kumkumbuka mume wake ilikuwa karibu, na rubisi, pombe ya ndizi ya siku hiyo, hakuwahi kuipika kwa maji ya bomba. Akakamua ndizi zake kwa nyasi, akachanganya na maji ya chemchemi.

Kwetu mpishi huonja kwanza. Siku ilipofika alikunywa kibuyu kizima mbele ya wageni, akasema ni chungu kidogo, kisha akaanza kutapika na hakuacha. Rubisi ikamwagwa. Mimi na shemeji yake mmoja tukamkimbiza hospitali kwa bodaboda, yeye akiwa katikati yetu.

Daktari hakusema ni maji, wala hakusema si maji. Alisema tu figo zimechoka na asirudi kule. Binti yake aliyebaki akampeleka kwake Muleba, kwenye nyumba isiyo na hata mgomba mmoja.

Nilipokwenda kumwona hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Alinishika mkono, akauliza, "Nikifia huku, mtanirudisha?"

"Tutakurudisha, mama."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia chini, akatikisa kichwa.