Nilibadilisha kompyuta nzima nikaibakiza Windows XP, kesi ya binti yangu ikaahirishwa

Wakuu, salaam kwenu, vijana pamoja na wazee wenzangu wachache mnaojificha humu.

Haya yamenitokea mimi. Si rafiki yangu, si jirani, si "jamaa mmoja hivi". Na sitaongeza chumvi, iliyomo inatosha.

Wapo watakaonikumbuka. Mimi ndiye yule mzee aliyefungua uzi kuuliza RAM ipi inaifaa Windows XP, wakati XP hata walioitengeneza walikuwa wameshaitelekeza. Mkanijibu kwa adabu: mzee, badilisha Windows kwanza. Mmoja akaandika, "Mzee, hapo unampaka maiti hina."

Nikamjibu kwamba nilikuwa natumia kompyuta yeye akiwa bado ananyonya.

Jibu zuri sana. Lilinipa raha siku nzima. Sasa kaeni niwaeleze raha hiyo iliishia wapi.

Mimi ni Mbajuni, mtu wa Chula, kisiwa kilicho kusini ya Kismayu. Vita vilipotufikia tulitoka na binti yetu Nuru akiwa mgongoni mwa mama yake, tukaingia Mombasa wakimbizi.

Miaka ikapita. Watu wakaanza kusema Kismayu kumetulia. Watu hawa hawakosekani katika kila vita. Sijui huwa wanaishi wapi. Nikawaamini. Nikamwacha mke wangu na mtoto Mombasa, nikarudi Kismayu peke yangu, nikafungua chumba karibu na soko, cha kupiga picha za pasipoti na kuchapa barua. Hapo ndipo nilipoinunua ile mashine, mtumba wa Dubai, XP ikiwa ndani.

Kumetulia kukadumu mpaka kulipoacha kutulia.

Wenzangu walikimbia na unga, masufuria na magodoro. Mimi nilikimbia na CPU, nimeifunga shuka na kuipakata. Mama mmoja ndani ya boti akanisogelea kunipa pole, alidhani nimebeba maiti ya mtoto. Shuka ilipofunguka akaona bati, akaniambia neno la Kisomali ambalo sitalitafsiri humu.

Mombasa nikaiwasha. Ikaja ile picha ya kilima cha kijani na mawingu.

Chula hatuna kilima kama kile. Lakini nyumba ya Chula ilikuwa imekwenda, chumba cha Kismayu kimekwenda, na kilima kiko palepale, na kila kitufe nilikijua mahali pake. Nikaapa kwamba hiki hakitabadilishwa.

Tena nilikuwa na falsafa, si ubishi mtupu.

Baba yangu alikuwa fundi wa vyombo. Kwetu chombo kikichakaa hakitupwi. Unang'oa ubao uliooza unaweka mwingine, msimu huu ubavu mmoja, msimu ujao wa pili. Mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, hauondolewi. Mbao zaweza kubadilishwa zote na watu bado wakakiita chombo cha babu fulani. Basi nikasema Windows ndiyo mkuku. Niliwaandikia humu humu, aya nne, nikajiona mwanafalsafa.

Nilichosahau kuwaandikia ni kwamba baba huyohuyo kila msimu alikivuta chombo pwani, akakikwangua, akatia kalafati ya pamba kwenye nyufa na kukipaka shahamu chini kote, mkuku ukiwemo. Hakukiacha kioze kwa sababu anakipenda. Ningeandika hilo nanyi mngenishinda hapo hapo.

Sasa tuje kwa Nuru.

Alikua, akaenda Ulaya, akaomba hifadhi. Ofisi ya huko ikamwambia: Kiswahili chako ni cha Mombasa, wewe ni Mkenya, Chula unaisikia tu. Mtoto aliyetolewa kisiwani kabla ya kuota meno walitaka azungumze kama nahodha! Akakata rufaa. Wakili wake akasema shahidi bora ni baba mzazi, na atasikilizwa kwa video kutoka Mombasa.

Na haikuwa karatasi tu. Mama yake alikuwa mgonjwa wa moyo, na daktari hakutuficha. Bila karatasi Nuru hawezi kusafiri. Akizipata, atakuja kumwona mama yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi, mengine ni mihuri.

Simu yetu ilikuwa ya tochi. Jirani yetu Salma alikuwa na simu nzuri, akajitolea: "Baba Nuru, siku ikifika njoo ukae barazani kwangu, uongee mpaka uchoke."

Nikamshukuru, nikamwambia kesi ya mwanangu siiendei na kitu cha kuazima.

Nikaanza kuitengeneza mashine. Motherboard mpya ya mtumba. Processor. SSD, nikaihamishia XP yangu nzima nzima, ikagoma siku kadhaa kisha ikakubali. RAM giga nane. Muuzaji alinihakikishia itapaa. Wataalamu mnaocheka tayari, ngojeni wenzenu waelewe: XP ya biti 32 haioni zaidi ya giga tatu na ushei. Zilizobaki zilikaa humo ndani kama wageni waliokuja harusini hawamjui bwana harusi wala bibi harusi.

Mke wangu alikuwa akiniangalia kutoka kitandani.

"Baba Nuru, leo umeleta nini tena?"

"RAM."

"Na juzi?"

"SSD."

"Na ile mashine uliyotoka nayo Kismayu iko wapi?"

"Si ndiyo hii."

Akaitazama dari. "Wallahi mchu huyu," akasema kwa Kibajuni chetu, yaani mtu huyu, "laiti angenitafutia mimi moyo mpya kama anavyoitafutia hiyo."

Tukacheka wote wawili. Mimi nikarudi kwenye skrubu zangu.

Siku chache kabla ya kesi Nuru akapiga simu. "Baba, ile link niliyokutumia kwa email umeijaribu?"

"Mashine iko tayari."

"Siulizi mashine, baba. Link."

"Nuru, nimeweka giga nane."

"Haya baba."

Link sikuijaribu. Nilijaribu kamera. Nikajiona usoni, nikajitengeneza kofia, nikaridhika. Mtihani nimetunga mwenyewe, nimesahihisha mwenyewe, nimefaulu.

Siku ikafika. Mke wangu akaoga, akavaa buibui jipya, akatia wanja, akakaa kwenye kiti kando yangu. Hakuwa shahidi. Alitaka tu kuuona uso wa mwanawe ukisogea, maana kwa miaka mingi alikuwa na picha na sauti tu.

Mashine ikawaka kufumba na kufumbua. Sijapata kuona XP yenye kasi ile. Nikabonyeza link.

Ukurasa ukaniambia browser yangu haikubaliki, niisasishe.

Nikaenda kuisasisha. Browser mpya ikasema inataka Windows mpya zaidi. Nikajaribu browser nyingine. Nayo ikasema hivyo hivyo, kwa upole zaidi.

"Nenda kwa Salma," mke wangu akasema.

"Subiri kidogo."

"Baba Nuru, nenda kwa Salma."

"Nimekaribia, Mama Nuru, dakika moja."

Sikuwa nimekaribia popote. Nilikuwa nabonyeza kitufe kilekile nikitarajia kwa heshima ya umri wangu kitabadilisha msimamo. Simu ya tochi ikalia, ni Nuru, nikaikata ili isinichanganye. Hapo ndipo mke wangu, asiyeweza kutembea hatua kumi bila kupumzika, aliposhika ukuta na kuinuka aende kwa Salma mwenyewe.

Nikapata aibu, nikamrudisha kitini, nikakimbia.

Nikaingia email yangu kwenye simu ya Salma, ikafungua link mara moja, haikuuliza chochote. Kwenye kioo akatokea karani mwenye miwani, akanieleza kwa Kiingereza kwamba walisubiri, shahidi hakuonekana, kesi imeahirishwa na tarehe nyingine itatangazwa. Nyuma yake niliona bega la mtu aliyevaa mtandio anakusanya vitu vyake. Nikaita, "Nuru!" Picha ikakatika.

Nyumbani mke wangu aliuliza neno moja: "Umemwona?"

"Bega."

Akainuka taratibu akaenda kuvua buibui.

Tarehe nyingine ilichelewa sana kutangazwa. Ilipokuja nilikaa barazani kwa Salma mapema kuliko mwenye simu. Wakaniuliza misikiti ya Chula, visima, nani alikuwa jirani yetu, twapitia wapi kwenda kisiwa cha Koyama. Nilijibu kwa Kibajuni mpaka mkalimani akaniomba nipunguze kasi. Nuru akashinda. Karatasi zikatoka.

Mama yake tulikuwa tumeshamzika, kati ya kesi ya kwanza na ya pili.

Nuru alikuja. Nilimpeleka makaburini, akasoma Yasin, akaketi pale hadi jua likawa kali. Nilingoja anilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi, nina majibu na sababu, na ule mkuku pia nilikuwa nao. Hakunilaumu. Alinishika mkono tusikanyage makaburi ya watu, akaniuliza kama siku hizi nakula vizuri.

Somo, wakuu? Ukiwa na jambo la mtu wako, jaribu kile kitakachotumika siku hiyo, kwa njia itakayotumika siku hiyo. Mapenzi yako kwa kitu cha zamani yalipie mwenyewe, usimpelekee bili mwanao. Na jirani akikupa simu yake, ipokee.

Nasoma comments zote. Yule kijana wa maiti na hina, kama bado upo humu, jitokeze nikuombe radhi mbele ya watu. Wengine tukaneni mtakavyo, ila kwanza mwenye mzazi mgonjwa ampigie simu, sisi tutamngoja.